USHURU WA FORODHA: NI NANI HASA ALIYEULIPA?



Ukipeleka ndizi au machungwa yako sokoni Ukunda, karani wa ushuru atakusimamisha, atakudai, utatoa, na atakupa risiti. Hapo waweza kunung'unika. Waweza kuuliza fedha zile zafanya kazi gani, na waweza hata kumwendea mwakilishi wa wadi yako ukamwambia kwamba kiwango kimezidi. Ushuru ule unaujua, na aliyeutoza unamjua. Lakini uko ushuru mwingine ambao umekwisha kuulipa kabla hujapandisha mzigo garini: umo katika sukari ya chai yako ya asubuhi, umo katika kitambaa ulichovaa, na umo katika mafuta uliyokaangia muhogo. Huo ndio ushuru wa forodha, yaani malipo yanayotozwa juu ya bidhaa zitokazo nchi za ng'ambo. Hakuna karani anayekusimamisha, wala risiti hupewi wewe. Risiti yake amebaki nayo mwenye kuleta shehena bandarini Mombasa.

Nataka leo tuuangalie ushuru huu, na hasa ule wa zamani za ukoloni, maana nimewasikia watu wazima wakisema kwamba zamani zile Mwafrika hakulipa kitu ila kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Hayo si kweli. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na wazee waliikumbuka kwa sababu mtozaji alikuja mpaka mlangoni. Ule mwingine hawakuukumbuka kwa sababu waliununua pamoja na nguo.

Kwanza yafaa tujue kwamba ushuru haukuletwa na Waingereza. Pwani yetu hii ilikuwa chini ya Masultani wa Unguja, na Sayyid Said alipofanya mapatano na Marekani mwaka 1833 waliandikiana kwamba shehena itakayoshushwa italipiwa asilimia 5, basi. Kwa njia hiyo ndipo nguo nyeupe ya pamba ilipojaa nchini, ikaitwa merikani mpaka leo. Katika kila shilingi mia za nguo, tano zilikwenda forodhani. Tajiri aliyepangishwa forodha alimlipa Sultani fedha zake kila mwaka, naye akabaki na iliyozidi.

Mwaka 1887 Sayyid Barghash aliwakabidhi Waingereza wa kampuni usimamizi wa pwani kutoka mto Umba mpaka Kipini, pamoja na forodha zake, na mwaka uliofuata Kampuni ikapata hati ya kifalme. Nyinyi wa Msambweni na Lunga Lunga mwajua kwamba Shimoni ilikuwa mojawapo ya makao yake ya kwanza. Watu hushuka pale kutazama pango na majengo ya kale, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba riziki kubwa ya Kampuni ile ilikuwa ni forodha. Haikutosha. Mwaka 1895 Serikali ya Kiingereza ikaichukua nchi, na Kampuni ikalipwa paundi 250,000. Sehemu kubwa ya fedha hizo, paundi 200,000, zilikuwa ni zile ambazo Wadachi walimlipa Sultani kwa ajili ya pwani ya Tanga na Dar es Salaam. Ajabu ya mambo ya serikali ni hiyo: pwani moja iliuzwa, na bei yake ikaikomboa pwani nyingine.

Wakati ule mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kupatana mjini Brussels, mwaka 1890, kwamba ushuru wa vitu viingiavyo katika sehemu hizi za Afrika usizidi asilimia 10. Mapatano hayo hayakufanywa kwa huruma ya mnunuzi. Kila taifa liliogopa jirani yake asije akafunga mlango. Hata hivyo yalimfaa mnunuzi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1919, mpaka ule wa asilimia 10 ukaondolewa, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Mwaka 1921 Serikali ya Kenya ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha, ikaanza kutoza kodi ya mapato. Kodi ya mapato, kama mjuavyo, humwangukia mwenye mapato. Walowezi wa Kizungu na matajiri wa biashara wakaipinga kwa nguvu. Ikaundwa kamati ya kutazama mambo ya uchumi na fedha, ambayo watu huiita Kamati ya Bowring, na mwaka 1922 kodi ya mapato ikafutwa. Fedha za kuziba pengo zikatafutwa wapi? Forodhani. Ushuru wa kawaida ukapandishwa kutoka asilimia 10 hadi 20. Juu ya hapo, unga wa ngano, siagi, jibini, nyama ya nguruwe, sukari na mbao kutoka ng'ambo zikawekewa ushuru mzito zaidi, ili mlowezi aliyelima ngano au kufuga ng'ombe wa maziwa auze bila kushindana na mgeni. Mashine zake za kulimia ziliingia bila ushuru.

Tazama basi jinsi mzigo ulivyohamishwa. Kodi iliyokuwa juu ya mtu mwenye shamba la maelfu ya eka iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi juu ya kitu anachonunua kila mtu. Kodi ya mapato haikurudi Kenya mpaka mwaka 1937. Kwa miaka kumi na mitano, mchuma nazi wa Diani aliyenunua shuka alisaidia kulipa deni ambalo mwenye shamba kubwa la bara alikataa kulilipa.

Je, mchuma nazi huyo aliulizwa? Katika Baraza la Kutunga Sheria la siku zile walikuwamo wajumbe wa walowezi waliochaguliwa kwa kura tangu mwaka 1920. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, na sisi wa Pwani tukampata Ronald Ngala mwaka 1957. Kwa hiyo orodha ya ushuru iliandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena mara nyingi, na wakati wote huo mlipaji alikuwa nje ya mlango.

Ningependa tukae kidogo katika habari ya nguo, maana hapo ndipo ujanja ulipo, na ujanja huo ungalipo hata leo. Ushuru hutozwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwa thamani: kitu kikiwa ghali ushuru huwa mkubwa, kikiwa rahisi huwa mdogo. Njia ya pili ni kwa kipimo: senti kadha kwa yadi, au kwa kilo, au kwa jozi ya viatu, pasipo kujali bei. Katika miaka ya 1930 nguo za Japani ziliingia kwa wingi Afrika ya Mashariki, tena kwa bei ambayo maskini aliiweza. Viwanda vya Uingereza vikalalamika. Mwaka 1934 makoloni mengi ya Kiingereza yaliwekewa mpaka wa kiasi cha nguo za Japani kitakachoingia, lakini huku kwetu haikuwezekana, kwa sababu mapatano ya mwaka 1919 yalitaka bidhaa za mataifa yaliyotia sahihi zitozwe sawasawa. Hawakuweza kumtaja Mjapani katika sheria. Basi wakaitumia njia ya kipimo, kwamba nguo ilipe asilimia yake au senti kadha kwa kipimo, iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Kwa masikio yasiyozoea hesabu maneno hayo ni ya haki tupu. Tufanye mfano wa kujifunzia. Kipande cha nguo nzuri ni shilingi moja, na cha nguo hafifu ni senti 40. Kwa asilimia 20, cha kwanza chalipa senti 20 na cha pili senti 8. Sasa sheria ikisema asilimia 20 au senti 15, ipi iliyo kubwa, mwenye nguo nzuri atalipa senti 20 zake zile zile. Mwenye nguo hafifu atalipa 15 badala ya 8, na 15 juu ya 40 ni zaidi ya asilimia 37. Jina la maskini halikuandikwa popote, lakini yeye ndiye aliyetozwa zaidi.

Tena ushuru haubaki vile ulivyotozwa. Bidhaa ya shilingi 100 ikilipiwa 20 hufika 120. Mwenye ghala akiongeza faida ya sehemu moja katika kumi, huuza kwa 132, na mwenye duka la kijijini akiongeza vivyo hivyo, yafika shilingi 145 na senti 20. Bila ushuru ingalifika 121. Serikali ilipata 20, lakini mnunuzi alitoa 24 na senti 20, maana kila mkono uliopitisha bidhaa ulitia faida juu ya ushuru pia. Kadiri duka lilivyokuwa mbali na bandari na mikono ilivyozidi, ndivyo mzigo ulivyokua. Mtu wa Kinango aliulipa zaidi kuliko mtu wa Likoni.

Mambo haya hayakufichika kwa Waingereza wenyewe. Mwaka 1932 Lord Moyne alitumwa kuchungua fedha za Kenya, akaona kwamba Waafrika wametoa sehemu yao na zaidi katika hazina ya nchi, na kwamba huduma walizopata hazilingani na walichotoa. Mwaka huo huo Sir Sydney Armitage-Smith, aliyechungua fedha za Tanganyika, alilalamika kwamba watu wa huko wanalipa bei kubwa ili wakulima wa Kizungu wa Kenya wapate soko. Ripoti zote mbili zilipigwa chapa na kusomwa.

Wako watakaoniambia: "Bwana wee, ushuru ndio uliojenga barabara na reli." Kweli, serikali haiwezi kuendeshwa kwa hewa. Na wengine watasema kwamba bila ushuru hakuna kiwanda kitakachoota nchini, bidhaa za wageni zitakiua kingali kichanga. Hilo nalo lina kweli ndani yake, na sisi wa Kwale tunao mfano wetu.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza katika miaka ya 1920, wakati ule ule ushuru wa kulinda sukari ulipowekwa. Chini ya kivuli cha ushuru huo kilisimama miaka mingi. Watu walipata kazi, maduka yalifunguliwa, miwa ilipandwa. Lakini kivuli kile kililipiwa na kila aliyetia sukari katika kikombe, toka Vanga hadi Kisumu, na wenye kiwanda na mashamba hawakuwa Wadigo wala Waduruma. Mwaka 1988 kiwanda kikafungwa. Mlioishi huko mwaijua njaa iliyofuata, na sina haja ya kuieleza. Nasema hivi tu: ushuru huweza kumzuia mshindani asiingie mlangoni, lakini hauwezi kulipa mishahara ya watu kiwanda kikiendeshwa vibaya, wala haumlazimishi mwenye kiwanda kumlipa mkulima wa miwa kwa wakati. Leo sukari ya nje ya Afrika ya Mashariki yatozwa asilimia 100 au dola 460 kwa tani, ipi iliyo kubwa, na miwa imerudi Ramisi katika karne hii. Anayepanda miwa hana budi kuuliza ni kiasi gani cha kinga hiyo kinachofika shambani kwake.

Umeyasikia maneno hayo tena, "ipi iliyo kubwa"? Ni yale yale ya nguo. Yamo katika mchele pia: asilimia 75 au dola 345 kwa tani, ingawa Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza kidogo zaidi, asilimia 35 au dola 200. Yamo katika mitumba. Mchele hafifu, sukari hafifu na nguo iliyovaliwa ndivyo vinunuliwavyo na watu wa chini, na ndivyo vipimo vya kilo na tani huvilemea zaidi. Sisemi viondolewe vyote. Mwenye mpunga bondeni Vanga atanikasirikia nikisema hivyo, na ana haki. Nasema tuzijue hesabu kabla ya kupiga makofi.

Sasa tazama minazi yako. Mabibi zetu walipika mafuta ya nazi nyumbani, na hapakuwa na haja ya kununua mengine. Leo chupa iliyoko rafuni, usome jina lolote ulipendalo, kwa kawaida ni mafuta ya mawese kutoka Malaysia au Indonesia. Kwa miaka mingi mafuta hayo yakiwa ghafi yameingia kwa ushuru mdogo au bila ushuru kabisa, na yakiwa yamesafishwa hutozwa zaidi. Mpango huo uliwekwa ili wenye viwanda vya kusafishia wapate kazi hapa nchini. Nao wana sababu zao: wameajiri watu, na bei ya mafuta ya kupikia ikipanda mji mzima hulia. Lakini wao walikwenda, wakaeleza hesabu zao, wakasikilizwa. Mwenye minazi ya Msambweni alieleza hesabu yake kwa nani? Anauza nazi kwa bei ya mchuuzi, halafu ananunua mafuta ya ng'ambo kwa bei ya duka. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo sisi tunapofanana na babu zetu wa mwaka 1922, ila wao mlango ulifungwa kwa kufuli, na sisi umerudishwa tu.

Maana leo mlango upo. Orodha ya ushuru si ya Kenya peke yake, ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mawaziri wa fedha hukutana kabla ya bajeti, na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo Hazina ya Taifa hutangaza katika magazeti kwamba inapokea maoni juu ya kodi na ushuru, na Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Tangazo hilo husomwa na mawakili wa makampuni. Sijapata kusikia chama cha wakulima wa skimu, wala cha Shimba Hills wala cha Diani, kikiandika hata ukurasa mmoja. Ukurasa huo haudai Kiingereza kigumu. Wadai hesabu: eka ngapi za minazi au mpunga, umetumia shilingi ngapi kwa vibarua na mbolea, umevuna kiasi gani, umeuza kwa bei gani, na bidhaa ya ng'ambo iliyo mfano wa hiyo yauzwa bei gani katika duka lililo karibu. Katibu wa chama aliyekwenda shule aweza kuimaliza kazi hiyo kwa jioni mbili, ikiwa wanachama wameweka daftari.

Liko jambo moja jingine ambalo haliwezi kungoja bajeti, nalo ni la mpakani.

Kabla ya mwaka 1886, Mdigo wa Vanga na Mdigo wa Moa walikuwa wa nchi moja, na jahazi lilikwenda Tanga na kurudi kama mtu aendaye kwa jirani kuomba moto. Mwaka ule Waingereza na Wadachi walipiga mstari kutoka mlango wa mto Umba mpaka Kilimanjaro, na ndugu wakawa wageni, kila upande na forodha yake. Baada ya Wadachi kuondolewa, Tanganyika iliunganishwa kiforodha na Kenya na Uganda, na kufikia mwaka 1927 mstari ule ulikuwa umefunguka kwa biashara. Nikiwa nimesema mengi mabaya juu ya forodha ya kikoloni, hili ni jema, nami nalitaja. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Umoja wa Forodha wa sasa ulianza tarehe 1 Januari 2005.

Miaka imepita, na bado twaona watu wakipitisha mahindi, machungwa na kuku kwa njia za panya usiku, wakimpa huyu kidogo na yule kidogo, kwa sababu wanaamini kwamba wakipita njia kuu watatozwa ushuru wa forodha. Hawatatozwa. Bidhaa iliyolimwa au kufugwa ndani ya Jumuiya, ikiwa imo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha asili pale pale mpakani, na hupita bila ushuru wa forodha. Ukaguzi wa afya ya mimea na mifugo wabaki palepale, na ada zake ndogo ndogo uziulize mapema usije ukashtuka. Lakini yule anayekungoja kichakani amekudai zaidi ya hapo, wala risiti hana.

Kwa hiyo ukiwa na mzigo wa kwenda Horohoro au kutoka huko, pita kituo cha Lunga Lunga mchana, na kitambulisho chako mkononi, uwe umeandika aina ya mazao, idadi ya magunia na thamani yake. Omba cheti kwa jina lake. Ukidaiwa fedha yoyote, uliza ni ya nini, nawe usitoe mpaka umeandikiwa.